Jibu Asiloruhusiwa Kusema

Mtoto asiyejua hesabu hukosea ovyo. Leo atakosea sana, kesho kidogo, na keshokutwa atabahatisha jibu sahihi kama kuku anayedonoa mchangani akakuta punje. Nimefundisha hesabu katika shule ya msingi nje kidogo ya Igoma kwa miaka ya kutosha kulijua hilo. Kwa hiyo binti mmoja wa darasa la saba alipoanza kukosea kila swali, bila kubahatisha hata mara moja, mwili ulinisisimka kabla akili haijasema kitu.

Huyo ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Nilikuwa nimesema hivyo hadharani, kwenye kikao cha wazazi, nikiwa nimesimama mbele ya madawati. Mwanza nzima wakati ule ilikuwa inazungumzia daraja jipya la ziwani, nami nikawaambia wazazi kuwa hesabu za binti huyu ndizo zinazojenga madaraja, na kwamba wakimwachia shule watakuja kuvuka daraja alilolichora yeye. Watu walipiga makofi. Baba yake alisimama nyuma karibu na mlango, ameegemea fimbo, na hakupiga. Wapo waliosema baadaye kuwa mdomo wangu ndio ulioleta yote. Sikubali, na ningesema tena.

Kukosea kulianza mwezi uliofuata. Nilidhani anaumwa, kisha nikadhani ni mambo ya umri. Wenzake walimcheka kidogo, halafu wakaacha, kwa sababu yeye mwenyewe hakuonyesha kuona aibu. Alikuwa anatoa majibu yake mabovu kwa utulivu wa mtu anayefanya kazi aliyoagizwa. Hilo ndilo lililonitisha.

Siku moja baada ya kengele ya mwisho nilimbakiza darasani.

"Tisa mara nane?"

"Sabini na tatu, madam."

"Kumi na mbili mara kumi na mbili?"

"Mia moja arobaini na tano."

Niliendelea, naye akaendelea, na kila jibu lilizidi kwa moja. Anayezidisha moja kila mara lazima kwanza awe na jibu lenyewe mkononi. Nikaweka chaki chini.

"Sasa niambie jibu ambalo huruhusiwi kusema."

Alitazama mlangoni, kisha dirishani, upande wa ziwa. "Mia moja arobaini na nne," alisema, na machozi yakamtoka.

Aliniambia akiwa amesimama. Baba yake alimpeleka kwenye kaburi la bibi yake, nyuma ya nyumba, akamshikisha udongo wa kaburi na kumwapisha. Maneno aliyotamkishwa yalikuwa haya: nikipata hesabu, mama yangu asiamke. Mama yake alikuwa hapo hapo, anasikia. Tangu siku hiyo anafanya mazoezi ya kukosea, asije akajisahau kwenye mtihani wa taifa.

Sababu yake kila mtu wa huku anaijua. Mwanafunzi haolewi, sheria ina meno, na wapo waliofungwa. Lakini aliyefeli darasa la saba hurudi nyumbani akaozwa kimya kimya, na hakuna anayekuja kuuliza. Kwa hiyo mtoto huambiwa afeli mwenyewe, na akishafeli hakuna wa kushitakiwa.

Nilianza kumwambia kuwa udongo ni udongo, una madini na mabaki ya majani, haujui nani kapata na nani kakosa. Mimi ni mwalimu wa hesabu na sayansi, hiyo ndiyo kazi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa heshima kabisa, "Madam, wewe ungejaribu kwa mama yako?"

Mama yangu yuko Bukoba, ng'ambo ya ziwa, anapalilia migomba yake. Nilichukua kifutio nikafuta ubao.

Jumamosi nilikwenda kwao. Ni mwendo mfupi kutoka barabara ya Musoma kuteremka ziwani, boma pana lenye minyaa kuzunguka. Baba yake alinikaribisha kwa adabu zote, akaniletea kigoda na maziwa.

"Mwadila, mwalimu," alinisalimia kwa Kisukuma. "Mmetukumbuka."

"Mwadila, baba. Nimekuja kuhusu mtoto."

"Mtoto ana shida? Ninyi Wahaya mnasoma hata mkiwa mmelala. Wetu hawa wanahitaji kuvumiliwa."

Alicheka, nami nikacheka, maana utani ni utani. Lakini nilikuwa nimeshaona zizini ng'ombe wenye alama tofauti na wa boma lile, wamejitenga pembeni, bado hawajazoeana na wenyeji. Aliona ninapotazama.

"Hao ni wageni," alisema. "Wamekuja kunywa maji tu."

Nikamwambia kuwa mtoto anaweza kufaulu. Akasema akifaulu ni heri, akifeli ni Mungu, na hakuna mzazi anayeingia naye kwenye chumba cha mtihani. Alikuwa anaongea taratibu, bila hasira yoyote, nami nikaweka kikombe cha maziwa chini. Mama wa binti alikuwa ameketi mlangoni akichambua dagaa. Nilimsalimia, akaitikia, hakuinua macho. Niliondoka nikiwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa mumewe.

Mwalimu mkuu nilipomweleza alishusha pumzi. "Ushahidi uko wapi, mwalimu? Mtoto kukosea hesabu si kosa la jinai."

Nilikasirika siku kadhaa. Niliwafokea watoto wasio na hatia na kuvunja chaki nyingi ubaoni. Kisha, nikiwa naandika ratiba ya mtihani, masomo yamepangana mstari mmoja baada ya mwingine, nikasimama. Nikamwita.

"Uliapa nini hasa? Rudia."

"Nikipata hesabu."

"Na Sayansi na Teknolojia? Na Kiswahili? Na Kiingereza?"

Alifikiri. "Hakuyataja, madam."

Baba yake hakusoma. Alichojua ni nilichokisema mwenyewe kwenye kikao: kwamba mtoto huyu atafika mbali kwa hesabu. Kwake yeye hesabu ndiyo ilikuwa shule yote. Alifunga mlango mmoja kwa kufuli kubwa, akaenda kulala, akiacha mingine wazi.

Basi nikawa mwalimu wa hesabu anayemkaririsha mwanafunzi wake bora Uraia na Maadili. Niliwaomba wenzangu wamkazanie, sikuwaambia kwa nini. Niliteseka, sitaficha. Kumwona akipita mbele ya ubao wangu wenye maswali bila kuyatupia jicho kulikuwa kama kumwona mtu mwenye miguu mizima akichechemea kwa amri.

Siku za mtihani wasimamizi walitoka shule nyingine, sisi wenyewe tulikaa mbali kama utaratibu unavyotaka. Matokeo yalipotoka nilianza na mstari wa hesabu. Alikuwa na E. Alikosa kila alichotakiwa kukosa. Masomo mengine yalikuwa A, na jumla yake ilimvusha. Alipangiwa sekondari ya kata, ng'ambo tu ya barabara kutoka shuleni kwetu.

Baba yake alikuja na ile fimbo yake.

"Nimemuuliza kama alipata hesabu," alisema. "Amesema hakupata."

"Hakupata, baba. Kiapo amekitunza."

Aliichomeka fimbo ardhini. Alikuwa mtu wa kuheshimu kiapo, hilo simnyimi, na sasa kilimbana yeye mwenyewe. Ng'ombe wale walirudi walikotoka. Lakini alipokuwa akiondoka aligeuka. "Mwalimu, kiapo hakina mwisho wa muhula. Hesabu zipo na huko anakokwenda."

Nilitamani asingesema. Binti alianza kidato cha kwanza, na kwa wiki kadhaa aliendelea kukosea, mwalimu mgeni akimwona mzito. Mwenye E ya hesabu nani atamtegemea kwenye fizikia? Nilimwambia mara moja tu kuwa anaweza kuacha mwenyewe, siku akitaka, na kwamba sitamlazimisha. Hofu ilikuwa yake, na mama alikuwa wake.

Siku moja alivuka barabara wakati wa mapumziko, ameshika jaribio la hesabu. Alikuwa amepata swali moja. Moja tu, kwa makusudi.

"Madam, naomba nimpigie mama."

Nikampa simu yangu. Iliita, mama akapokea, wakazungumza habari za dagaa na mdogo wake. Akanirudishia, akarudi darasani. Ikawa ndiyo desturi yetu. Jaribio likirudi, anakuja. Maswali sahihi yanaongezeka, na kila mara anapiga kusikia kama mama ameamka. Yalipotoka matokeo ya mtihani wa muhula alikuwa amepata yote. Akapiga. Simu ya mama haikupatikana.

Alipiga tena, haikupatikana. Akabaki ameishika simu kwa mikono miwili.

"Chaji imekwisha," nilisema. "Rudi darasani. Nitakwenda mwenyewe."

Nikachukua bodaboda. Mimi niliyesema udongo ni udongo, nilimwambia kijana yule aendeshe haraka, na njia nzima nilikuwa nikiomba Mungu kwa Kihaya. Tulipita bomani kwao, hakukuwa na mtu, hata mbwa hakubweka. Tukateremka ufukweni. Kulikuwa na wanawake wachache kwa mbali, wameinama juu ya dagaa walioanikwa, na sikuweza kumtambua yeyote.

Mmoja wao akainua kichwa. Ni yeye. Nilikaa chini mchangani.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Simu yako haipatikani."

"Iko dukani, inachajiwa." Alinitazama vizuri, akaacha dagaa, akaja karibu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliinua macho. "Amepata hesabu?"

Kumbe alijua muda wote kwa nini mwanawe anampigia.

"Amepata zote," nilisema.

Alijipangusa magamba mikononi. Nyuma yake, juu kwenye mteremko, mumewe alikuwa amesimama na ng'ombe wake, anatutazama. Mama alijua mumewe yupo pale. Hakugeuka.

"Mwambie aendelee," alisema. "Nilisimama pale kaburini nikanyamaza, nikafikiri nikikatiza kiapo nitamuua mtu. Mwambie siku yangu ikifika nitakufa kifo changu. Sitakufa kwa hesabu yake."

Kisha akaniomba nimsubiri, tupitie dukani tukachukue ile simu, ili safari hii yeye ndiye ampigie mwanawe.