Mpiga Pasi Aliyeifasiri Redio

Abu Kutaiba alikuwa mpiga pasi, lakini mtaani kwetu Hama hakuna aliyempelekea suruali bila kumpelekea na swali. Juu ya rafu ya nguo alikuwa na redio, na miaka kumi na mitatu ya vita ilimfundisha kuisikiliza redio ya serikali inavyostahili, yaani kwa kuyageuza maneno yake. Wakisema hali ni shwari, tunafunga maduka. Wakisema dizeli ya majiko ipo tele, tunapasua makabati tupate kuni. Hakuwa amekosea hata mara moja, na sifa zikampanda kichwani. Alianza kufasiri akiwa amefumba macho.

Shida yake ilikuwa moja, na sote tuliijua. Kutaiba, mwanawe wa kwanza, alichukuliwa jeshini kwa miaka miwili, na huu ulikuwa wa saba. Kambi yake ilikuwa kwenye kilima kaskazini mwa mji, karibu kiasi kwamba mama yake angempelekea chakula kikiwa bado cha moto, kama wangemruhusu. Sisi wengine tulitaka kujua kama kesho kutakuwa na mkate. Yeye na mkewe walitaka kujua kama kijana bado anapumua.

Mwisho wa Novemba waasi wakashuka kutoka Idlib, na kwa siku tatu wakawa wameingia Aleppo. Redio ikasema jeshi letu "linajipanga upya."

"Maana yake nini?" nikamuuliza.

"Wanakimbia, jirani. Na wakubwa ndio wametangulia."

Neno hilo likatunogea. Um Kutaiba, mkewe, akimfukuza paka jikoni, anasema paka kajipanga upya. Maofisa nao wakawa wanaleta sare zao zipigwe pasi, kisha wanaondoka na nguo za watu. Kanali mmoja alijibebea kanzu ya marehemu baba yangu. Ilimbana kifuani, lakini hakulalamika.

Alhamisi mchana redio ikatangaza kwamba jeshi limeondoka Hama ili kuokoa maisha ya raia. Tulikuwa tumejaa dukani. Tukamtazama mfasiri wetu, naye akafumbua macho.

"Wamesema wameondoka," akasema. "Basi wapo."

"Abu Kutaiba, sare kumi na moja zinaning'inia hapa hazina wenyewe!"

"Mtego huo! Wanataka kuona nani atatoka kushangilia. Mmesahau themanini na mbili?"

Hapo hakuna aliyecheka. Nyumba gani ya Hama imeusahau mwaka ule, jeshi lilipoua watu wetu kwa maelfu? Tukapanda ngazi mbio hadi kwake ghorofa ya tatu, watu tisa sebuleni, mapazia chini, mlango komeo mbili. Nje watu wanapiga vigelegele, sisi tunanong'ona. Wajinga wakubwa! Serikali iliyotudanganya maisha yetu yote ilisema kweli siku moja, na siku hiyo ndiyo tukakataa kuiamini.

Mara mlango ukagongwa.

"Baba, ni mimi. Nifungulie."

Um Kutaiba akaruka. Mumewe akamdaka mkono.

"Ni wao," akanong'ona. "Wanaigiza sauti yake. Wanatafuta nyumba zinazoficha watoro."

Kisha akasimama wima mbele ya mlango na kupaza sauti: "Mwanangu yuko kazini, analinda nchi! Humu hatuna nafasi ya mtoro! Kwa roho, kwa damu, tunajitoa kwako, ewe kiongozi!"

Na sisi, Mungu atusamehe, tukapiga makofi. Tulikuwa tumeshazoea.

Tukasikia nyayo zikishuka ngazi polepole.

"Mwanaume wewe una wazimu!" Um Kutaiba akamsukuma mumewe akaangukia jiko la dizeli, bahati nzuri lilikuwa limezimwa. Akafungua komeo zote mbili, akaliita jina la mwanawe kwa sauti inayonitia uchungu hadi leo.

Kutaiba alikuwa ameshafika chini. Akarudi. Alikuwa amevaa kanzu ya mchunga kondoo aliyemwonea huruma njiani, amekonda, na mguu mmoja unatoka damu. Mama yake akamshika uso, akamnusa kama anavyonuswa mtoto mchanga. Kijana akamwacha afanye apendavyo, lakini macho yake yalikuwa kwa baba.

"Nimetembea kwa kujificha tangu alfajiri, baba. Ulinikana kwa moyo, au kwa mdomo tu?"

Tukamgeukia Abu Kutaiba sote, kwa mazoea yetu, tukisubiri atueleze.

"Kwa woga, mwanangu," akasema. Akapiga magoti palepale mlangoni, mzee mzima, mbele yetu majirani, akaanza kumfuta damu mguuni kwa mkono wa shati lake huku analia.