Redio Mpya ya Gari Imeniposea Mke

Jamani, leo nimeposa bila kufungua mdomo!

Asubuhi fundi wa mtaa wa Kizwite kanifungia redio mpya kwenye gari, ile inayopokea simu yenyewe na kutoa sauti kwenye spika zote. Nikaondoka natamba.

Njiani nikamkuta baba yake Anna, mpenzi wangu, amebeba mfuko wa ulezi.

"Shikamoo baba. Panda nikusogeze."

"Marahaba, mwanangu."

Huyu mzee namwogopa! Mwaka mzima nimeshindwa kumkabili.

Mara simu ikaita, redio ikapokea. Mama yangu huyo, kutoka Kabwe, kule ziwani, na sauti yake ya kuita mitumbwi:

"We Deo! Bado unamkimbia baba yake Anna? Mjukuu nitampata lini?"

Nikapapasa kitufe cha kuzima. Nikaongeza sauti 🤦🏾‍♂️

Mzee akaitazama spika, akakohoa.

"Mama Deo, mimi ndiye baba yake Anna. Mwanao yuko hapa anatetemeka. Njooni Jumapili baada ya misa, tuzungumze."

Mama akapiga vigelegele gari zima!

Mzee nimemshusha kwake, kashuka anacheka. Mimi nimeegesha pembeni.

Anna mwenyewe hajui kitu. Nimpigie, au nimwache asikie kwa baba yake? 😂