Kichaka cha Mlangoni

Hapa kambi ya wakimbizi, nje ya Nchelenge, hakuna anayemwita Emilienne. Ni Mama Maua tu, na kwa haki! Makopo ya maziwa, sufuria zilizotoboka, hata buti moja la mvua, vyote vimeota mimea ya kigeni. Wachuuzi wa samaki wanaovuka ziwa Mweru humletea vitawi, naye humwuliza kila mmoja: "Hamukumuona Ruffin?" Ruffin ni mume wake, mwenye kovu kwenye paji la uso. Vita viliwatenganisha kule Kilwa, ng'ambo ya ziwa, mtumbwi wa Emilienne ukapinduka, wavuvi wa kisiwa cha Chisenga wakamwokoa. Miaka saba anamngoja. Wanaume wawili wameshakuja kumposa, akawamwagia maji.

Juzi Fidélie, mchuuzi mgeni, alishuka na tawi lenye maua matatu: moja zambarau, moja limefifia, moja jeupe kabisa. Emilienne alipoliona, alilinyakua. Kilwa nzima kichaka hicho kilikuwa kimoja, chake, mlangoni kwake; mche aliutoa Lubumbashi mwenyewe. Na hapo kwenye tawi kulikuwa bado na kipande cha kikwembe chake, kitenge chake cha zamani, alichofungia tawi lilipopasuka.

"Hii tawi ulitosha wapi?"

"Ku makaburi, mama. Unisamehe."

Yesu wangu! Kwao mtu akifa, mti alioupanda mlangoni hung'olewa ukapandwa juu ya kaburi lake. Akipotea majini, huzikwa nguo yake, na mti juu. Lakini kichaka kile Ruffin hakukipanda. Alikipanda Emilienne mwenyewe.

"Kaburi ya nani?"

"Ya bibi ya mutu moja, alizama mu ziwa wakati ya vita. Ule bwana alinikuta navunja, akanigombeza! Kiisha akanihurumia, akaniachia. Mutu muzuri, iko na kovu hapa ku paji. Bibi yake ya sasa iko na mimba."

"Na ku musalaba waliandika jina gani?"

"Emilienne. Unamujua?"

"Hapana," alisema Mama Maua.

Ruffin yu mzima, na hamngoji mtu. Alilichomeka tawi kwenye kopo la udongo, na mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, harufu ikajaa chumba kama nyumba ya matanga.

Kichaka hicho huchukua miezi kushika mizizi, anajua vizuri. Leo, siku ya tatu, maua yote yamekuwa meupe. Amelivuta tawi kidogo tu, likagoma kutoka. Limeshaota mizizi. Akachota maji, akalimwagilia.