Lupini ya Rangi ya Damu ya Mzee

Shangazi yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani, mkali kwa wateja, mpole kwa maua tu. Ukikanyaga kitambaa chake utasamehewa. Ukikanyaga tuta la lupini, maua aliyoyapenda kuliko yote, utamtambua. Mbegu zake ngumu alizikwaruza moja moja kwa msasa, akaziloweka usiku kucha, kisha akazipanda palepale zitakapokaa maisha yao yote.

“Lupini haihamishwi,” alituambia. “Mzizi wake unashuka chini moja kwa moja. Ukiukata, kwisha habari yake.”

Kila msimu alijiwekea mbegu za ua lililokoza kuliko mengine, nyingine akawagawia majirani. Miaka ikaenda, mpaka mche mmoja, mmoja tu, ukatoa ua refu la rangi ya damu ya mzee. Siku hiyo alifunga kazi mapema, akamwita mdogo wake, msusi wa mtaa wa pili, aje waliangalie pamoja. Walikuwa chanda na pete, hao wawili. Ilibaki maganda yakomae tu. Bila mbegu zake, rangi ile ingepotea.

Maganda yakiwa bado machanga, mgongo ukambana shangazi, akalazwa hospitali. Nani amwagilie bustani? Mdogo wake, nani mwingine! Shangazi aliporudi nyumbani, pale penye mche ule alikuta shimo.

“Wezi, dada,” alisema shangazi mdogo. “Watu hawana haya siku hizi.”

Akalia naye. Akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, wakapita nyumba hadi nyumba wameshikana mikono, wakiuliza. Mimi nilimshuku jirani mwenye mbuzi, nikamnunia bure, mtu wa watu.

Baada ya wiki kadhaa nilimsindikiza shangazi kusukwa kwa mdogo wake, bila kutoa taarifa. Mlangoni mwa saluni, ndani ya chungu kikubwa, ulisimama mche uliokauka. Shangazi aliuchomoa. Mzizi ulikuwa umekatwa kwa jembe, kimebaki kipande kifupi.

“Nilitaka wateja walione, dada,” shangazi mdogo alibabaika. “Nilidhani utashika kama maua mengine. Ulipotoka hospitali nikaogopa kusema.”

Damu ilinichemka. “Si ungeomba mbegu? Mtaa mzima umepewa, ungenyimwa wewe?”

Shangazi akaninyamazisha kwa mkono. Hakuonekana na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

“Siku ile ulipokuwa unanifuta machozi,” aliuliza, “mche ulikuwa umeshakauka?”

“Ulikuwa umeanza kulegea.”

“Nimekuuliza, umekauka au mbichi?”

Msusi aliinamisha kichwa. “Mbichi, dada.”

“Basi ningekata vichipukizi vya shinani nikavipanda viote mizizi mipya, ningeiokoa rangi ile,” alisema shangazi. “Ulikuwa umenishika mkono, mdogo wangu, na ukanyamaza.”