Undugu wa Kicheko

Karani wetu wa miti ya ukoo pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka huchonga penseli kwa wembe, na penye shaka huweka alama ya kuuliza, taratibu, kama anayetia chumvi. Siku moja Salima alimletea msichana aliyemkuta sokoni Biwi, waandikwe familia moja.

"Ni mutoto ya kaka yangu. Tulipoteana Kindu, akiwa mudogo sana."

"Umemujua namna gani?"

"Kwa kicheko. Njo ya baba yake kabisa!"

"Mama, kicheko haiandikwe."

Msichana akacheka kama bata aliyekanyagwa. Salima naye akacheka vilevile. Karani alikaza uso, akashindwa, mabega yakamtikisika. Akaandika: mtoto wa kaka, bila alama ya kuuliza. Kisha akamwambia Salima, "Shangazi, sogea kwa benchi, mutoto yako aikale."