Upande wa Pili wa Kitabu

Asubuhi ya mtihani wetu wa majaribio, mwanangu, sijaisahau. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani, vidole vimekufa ganzi. Nilikuwa darasa la saba, shule ya msingi nje kidogo ya Karatu, miaka ile ya themanini ambapo kitabu kimoja kilisomwa na watoto wanne. Baba alikuwa ameshasema: nikikosa sekondari, shamba la ngano lipo, na wachumba wapo.

Lazima nikueleze tulivyokaa. Wawili walikaa upande huu wa meza, wawili ng'ambo, kitabu katikati. Sisi wa ng'ambo tulikiona kichwa chini miguu juu. Nilikaa huko tangu darasa la tatu, nikazoea mno. Habari ndefu ikiwekwa sawasawa mbele yangu, macho yalipotea. Kwa hiyo siku hiyo, nilipopewa karatasi ya ufahamu yangu peke yangu, niliigeuza juu chini nikaanza kusoma.

Msimamizi, mwalimu mgeni kutoka Arusha, akaja kusimama mbele yangu.

"Binti, unamgeuzia nani karatasi?"

"Nasoma, mwalimu."

"Ndivyo anavyosoma, mwalimu," akadakia Paskali, mwenzangu wa meza aliyekaa upande mzuri. "Huyu kazaliwa ng'ambo."

Darasa likacheka. Msimamizi hakucheka. Aliichukua karatasi akasema anayewaonyesha wenzake majibu hataufanya mtihani wenyewe. Nikaliona shamba la ngano.

Akaitwa Mwalimu Amnaay, aliyetufundisha Kiswahili. Hakunitetea. Alimwomba tu mgeni aniulize habari ile inasema nini. Nikaeleza: kijana katumwa na baba yake kupeleka ng'ombe mnadani, mmoja kapotea njiani. Kijana karudi kusema. Baba kanyamaza, kachukua fimbo, katoka nje.

"Kwa hiyo baba alikasirika," akasema msimamizi.

"Haijasemwa, mwalimu. Labda alikwenda kumtafuta ng'ombe. Huku kwetu hakuna mzee anayetoka bila fimbo."

"Umejuaje kwamba alikwenda kumtafuta?"

"Sijajua. Nimesema labda."

Aliitazama karatasi kwa muda, kama mtu anayeisoma kwa mara ya kwanza, kisha akanirudishia. Muda ulikuwa umekwisha karibu wote. Sikumaliza.

Baadaye Mwalimu Amnaay aliniita, nikadhani atanisifu. Akanigombeza. "Akili yako nzuri, mwendo wako mbaya. Mtihani hautakusubiri." Kesho yake akanihamishia kiti cha Paskali, na Paskali akakaa changu. Tukawa tunafanya mazoezi kila siku: tunasoma, tunafunga kitabu, mwalimu anauliza swali, na ukishajibu anauliza umejuaje. Usipoweza kuonyesha, useme hujui. Polepole macho yangu yalizoea. Paskali, aliyezoea kuwa wa kwanza kunyoosha mkono, sasa alikuwa anapinda shingo, anakwama katikati ya sentensi. Hakutania tena.

Mwaka ule shule yetu ilitoa mmoja tu wa kwenda sekondari. Nilikuwa mimi.

Nilifika hadi chuo kikuu, nikajifunza kubishana na kila kitu, lakini swali moja limenishinda: je, nilifaulu mimi, au kilifaulu kile kiti? Nilimpelekea Mwalimu Amnaay swali hilo alipokuwa karibu kustaafu. Akasema, "Sijui, binti yangu." Alikuwa na umri wa kuweza kunidanganya kwa upole, na hakufanya hivyo. Swali lile bado halinipi usingizi mzuri.

Leo wewe una kitabu chako peke yako, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Unasoma mbio, unajibu mbio, unatafuta neno la swali ndani ya habari na kunakili linalofuata, na mbele yako hakuna mtu wa kukuuliza. Basi jiulize mwenyewe. Soma, funga, sema ulichoelewa, kisha uonyeshe umekipata wapi. Ambalo mwandishi hakulisema, usimsemee. Usione aibu kusema hujui. Na haya yangu pia usiyameze, yapime kwanza.

Mungu akupe macho yasiyo na papara, mwanangu. Akujalie siku zote mtu wa kukaa ng'ambo ya meza yako, na ukishamaliza ukurasa, akupe moyo wa kumgeuzia kitabu.