Mashini Yangu na Bateau ya Vita

Bwana yangu Vagheni anatengeneza radio hapa Butembo tangu miaka kumi na munane, na sijamusikia hata siku moja akisema "hii imenishinda." Radio ikikufa kabisa, atasema iko na uchovu. Juu ya mulango wa atelier yake aliandika na rangi nyekundu: SOLIDE, ni kusema imara. Kila kitu kinachotoka pale kinatoka kizito kuliko vile kiliingia. Mwavuli wa jirani yetu Anne-Marie aliutengeneza na fer à béton, zile nondo za kujengea nyumba. Mupaka leo anaubeba begani.

Miye, Solange, ni mushonaji. Wiki tatu mbele ya Pentekote nilikuwa na kanzu kumi na mbili za batoto ba communion ya kwanza, na mashini yangu, ile niliachiwa na mama yangu, ikaanza kuruka mishono. Inashona tatu, inaruka ine. Sindano nilikuwa nimeibadilisha miye mwenyewe asubuhi ile ile, huku nikigombana na wifi yangu kwa téléphone, donc haikuwa sindano.

"Baba Kitsa," nikamuambia bwana yangu, "angalia ndani. Mais sindano hapana kugusa, ni mupya."

Akaifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, akaifunga. Ikaruka mishono. Akaifungua tena, siku mbili nzima. Siku ya tatu akasema kuna pièce moja haipatikani Butembo, akafunga mashini nyuma ya moto yake, ile pikipiki, akaenda Beni. Mangaribi akarudi na sanduku refu. Ndani mulikuwa bateau, meli.

"Mashini iko wapi?"

"Mama Kitsa, kwanza angalia hii."

Nikaangalia. Bateau ya vita, refu kama mutoto wa miaka tano akilala, na mizinga midogo, rangi imebanduka, na télécommande yake ya kuiongoza kutoka mbali. Ilitoka kwa Issaka, muchuuzi wa vitu vya occasion, vilivyokwisha kutumiwa, kule Beni, katika commune ya Beu. Ilimufikia kati ya bikorokoro bya Ulaya, na yeye na bwana yangu bakabadilishana. Mashini ya mama yangu kwa mashua ya muchezo. Nilikasirika mupaka nikamunyanganya téléphone.

Nikamupigia Issaka. Alinijibu na adabu: "Mama Solange, bwana yako alitaka mwenyewe. Alisema ataitembeza. Mais siwezi kukutesa. Siku kumi: muirudishe ikitembea juu ya mayi, utabeba mashini yako. Zikipita, ninauza mashini."

Basi maisha yangu ikabakia ndani ya siku kumi. Kanzu nikaanza kushona na mukono, moja kwa siku mbili, na bamama ba batoto bakipita kila asubuhi kuniuliza kama zimeisha.

Moteur, Vagheni aliiamsha siku ya kwanza, kwa hiyo ninamusifu. Mizinga ilikuwa ya gaz. Yeye akaijaza hewa na pompe ya kinga, ya baiskeli, akatia zile billes ndogo za chuma zinazokuwa ndani ya gurudumu, akajaribu, akatoboa sufuria yangu ya maharage. Kisha akapapasa mbavu za bateau na akasikitika kabisa. Ubao ulikuwa mwembamba kama karatasi ya kaye ya shule, na viraka kila pahali.

"Huyu muzungu aliyeitengeneza alikuwa masikini," akasema.

Ndani ya sanduku mulikuwa karatasi ya picha: bateau mbili zinapigana kwenye étang, kidimbwi kikubwa, moja inazama, na wazungu wamesimama kando wanacheka. Vagheni akaitupa chini. Nani atatengeneza bateau ju izame? Akabandua ubao wote, akavalisha bateau bati za bidon ya mafuta, akasouder kila pembe na chuma ya moto. Solide.

Tukaenda kuijaribu Musienene, kwa Papa Stanislas, mulimaji wa viazi mwenye étang ya samaki. Ndege mumoja wa mudomo murefu alikuwa anamumalizia samaki, na Vagheni alishaahidi kwamba bateau itamufukuza. Papa Stanislas akiinunua, alisema, feza itatosha mashini mbili. Miye nilitaka moja tu, ile yangu. Bateau ikakaa juu ya mayi muda wa nusu ya Salamu Maria, kisha ikaenda chini. Papa Stanislas akavua kofia. Vagheni akaingia na suruali yake, mayi mupaka kifuani, akaanza kuitafuta na miguu.

Zilibakia siku tano. Nikaokota ile karatasi ya picha, nikaiangalia kwa akili ya mushonaji. Kumbe hakukuwa umasikini. Ile bateau ilitengenezwa itobolewe, izame, itolewe, ipigwe kiraka, irudi kugombana.

"Baba Kitsa, toa bati yako. Hii hapana chuma, ni nguo."

Alininunia mupaka jioni. Kisha akatoa. Nikapima mbavu na mètre yangu, nikakata triplure, kile kitambaa kigumu tunachotia ndani ya kola, nikakishonea kwenye mbavu na mukono. Yeye akapaka colle ya kunatisha, akapaka vernis ya kuzuia mayi mara tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kutoka atelier yake kikiwa chepesi, na alikuwa anakibeba kama mutu anayebeba aibu.

Siku ya tisa tukarudi Musienene, na ikatembea. Ilizunguka étang yote, kichwa juu, na nilijikuta ninapiga makofi. Ndege akakuja. Vagheni akapiga muzinga. Bille ikaenda kutoboa ndoo ya Papa Stanislas. Ndege akaruka, akazunguka, akaiangalia vizuri ile bateau, akatua juu ya mulingoti wake. Kutoka pale aliona samaki vizuri kuliko siku zote. Vagheni akiipeleka mbele, ndege anapelekwa mbele. Akiirudisha, anarudi naye. Alikamata samaki tatu bila kuchoka.

"Vagheni," Papa Stanislas akasema polepole, "hii muirudishe kule ilitoka, mbele huyu ndege hajaita bandugu yake."

Siku ya kumi tukapanda moto kwenda Beni, bateau katikati yetu ndani ya kitenge. Kwenye barrière askari mumoja akafunua, akaona mizinga, akauliza na Lingala: "Oyo nini?" Vagheni akamujibu kwamba ni ya kulinda samaki. Askari akatuangalia, akatuacha tupite, nazani kwa huruma.

Kwa Issaka balijaza beseni kubwa na mayi ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba yake. Bateau ikatembea. Issaka, mutu muzima na ndevu zake, akaomba télécommande, akakataa kuirudisha. Na hapo nikasikia, kutoka ndani ya nyumba, mashini yangu. Ilikuwa inashona bila kuruka hata mushono mumoja. Bibi yake Rachida alikuwa anamalizia rideaux, mapazia ya madirisha.

"Nani aliitengeneza?" Vagheni akauliza.

"Hapana mutu, baba," Rachida akasema. "Haikuwa na ugonjwa. Sindano iliwekwa mugongo mbele. Niliigeuza tu."

Nikaangalia chini. Hapo njo nilielewa kwa nini Vagheni aliibadilisha na bateau: ilimushinda, na alisikia haya kuniambia. Siku zile zote alifungua kila kitu cha ile mashini, isipokuwa sindano niliyomukataza kugusa.

Njiani nilishika mashini kifuani, nikangoja aniulize nani aliweka ile sindano. Tulipita barrière, tulipita mulima, tukafika nyumbani. Hakuniuliza. Kanzu zote kumi na mbili zilivaliwa siku ya Pentekote, na hakuniuliza. Mupaka leo hajaniuliza. Juzi nilimukuta anatia fer à béton ndani ya mwavuli mwengine, nikamushikia taa.